Maswali ya Wasomaji: Katana ya Mapambo Sebuleni

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana niliagiza katana, yaani upanga wa Kijapani, kwa muuzaji wa mtandaoni ili niipambe sebule yangu. Maelezo yake yalisema kwamba imefuliwa kwa mkono na kwamba ni halisi kabisa. Masika yalipokwisha niliichomoa alani nikakuta madoadoa ya kahawia karibu na mpini. Fundi wa mtaani kwetu ananishauri niipige msasa. Je, nimeuziwa bandia? — Msomaji, Mbezi Beach.

JIBU: Ndugu msomaji, huo msasa uweke mbali kabisa, kwa maana utaondoa mng'aro ambao hakuna fundi wa hapa mjini atakayeweza kuurudisha. Ama kuhusu kutu, haithibitishi kwamba umedanganywa. Katana nyingi za bei ya chini hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, kile ambacho mafundi wetu hukiita stenlesi. Yako iliyoshika kutu yaelekea ni ya chuma cha kaboni, ambacho wauzaji hukitaja kwa namba kama 1045, 1060 na 1095. Tarakimu mbili za mwisho huonyesha kiasi cha kaboni, hivi kwamba 1060 ina takriban asilimia 0.60. Kwa pambo la nyumbani hicho ni chuma kizuri, ila kinadai matunzo.

Neno "halisi" ndilo lenye utata. Upanga unaotambuliwa nchini Japani kuwa kazi ya sanaa hufuliwa kwa tamahagane, chuma kinachopatikana kwa kuyeyusha mchanga wenye chuma pamoja na makaa katika tanuru la udongo liitwalo tatara. Mhunzi lazima awe na leseni, naye haruhusiwi kutengeneza panga ndefu zaidi ya mbili kwa mwezi. Kila upanga husajiliwa, na kuutoa nchini humo kunahitaji kibali cha idara ya serikali inayosimamia utamaduni. Kama wako ulifika bila karatasi yoyote ya namna hiyo, na bei yake ilikuwa ya simu ya kawaida, basi haukutoka kwa mhunzi huyo. Panga nyingi za aina yako hutoka Longquan, mji wa jimbo la Zhejiang nchini China wenye sifa ya siku nyingi katika ufuaji wa panga, na sioni aibu yoyote katika hilo mradi bei ilingane na bidhaa.

Tazama pia ule mstari wa mawimbi unaofuata makali, ambao Wajapani huuita hamon. Katika upanga uliotengenezwa kwa njia ya asili, mhunzi huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, kisha huupasha moto na kuutumbukiza majini. Makali hupoa haraka yakawa magumu, mgongo hupoa polepole ukabaki na unyumbufu, na mstari huo ndio mpaka wa sehemu hizo mbili. Katika katana nyingi za mapambo mstari huchorwa tu kwa tindikali au kwa brashi ya waya. Uinamishe upanga chini ya taa: mawimbi yanayojirudia kwa kipimo kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho, kama pindo la kanga, mara nyingi ni ya kuchorwa.

Sasa tuje kwenye madoa. Yameanzia karibu na mpini kwa sababu hapo ndipo vidole hugusa unapochomoa, na jasho lina chumvi. Ongeza upepo wa bahari wa Mbezi na ala ya mbao inayonyonya unyevu wa masika, kutu haikosi. Pangusa upanga kwa kitambaa laini cha pamba chenye spiriti kidogo, uache ukauke, kisha tia tone la mafuta ya cherehani juu ya doa na usugue taratibu kwa kitambaa hichohicho, siku kadhaa mfululizo. Alama nyeusi itakayobaki iache. Malizia kwa kuupaka upanga wote utando mwembamba wa mafuta, ukipitisha kitambaa kutoka upande wa mgongo kuelekea ncha, kamwe usikifumbate kuzunguka makali. Wajapani hutumia mafuta ya choji, yenye harufu ya karafuu ambayo wasomaji wetu wa Pemba wangeitambua mara moja, lakini mengi ya siku hizi ni mafuta mepesi ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo tu. Usimimine mafuta ya karafuu ya dukani. Ya kupikia na ya nazi nayo hayafai, kwani huganda na kunata. Rudia kazi hii kila mwezi wakati wa masika, na kila miezi mitatu nyakati nyingine.

SWALI: Mgeni wangu mmoja alicheka akaniambia nimeiweka katana juu chini. Makali yatazame wapi? — Msomaji, Upanga.

JIBU: Juu. Katana ilivaliwa ikiwa imechomekwa katika mshipi, makali yakielekea juu. Upanga wa zamani zaidi, tachi, ndio ulioning'inizwa makali chini. Mpini kwa desturi huwa kushoto kwa mtazamaji, ishara ya amani, kwa kuwa mkono wa kulia hauufikii upesi. Kibao cha kuuwekea waweza kuchongewa na mafundi wa Keko kwa mninga uliokauka vizuri.

SWALI: Mume wangu ametundika katana juu ya kochi, nasi tuna watoto wadogo. Anasema haina makali, kwa hiyo haina hatari. — Mama, Tabata.

JIBU: Mama, wasiwasi wako ni wa haki. Upanga usionolewa bado una ncha, tena una uzito. Ubaya zaidi ni kwamba katika katana nyingi za bei ya chini chuma kinachoingia ndani ya mpini ni kifito chembamba kilichochomelewa tu, na mtu akiupunga, hata kwa mzaha, upanga waweza kukatika na kuruka. Mweleze baba watoto auondoe juu ya kochi, auweke ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, mbali na ukuta unaopata unyevu.

SWALI: Nataka kuagiza moja kutoka nje. Forodhani nitaulizwa nini? — Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, panga za namna hii zimo katika kifungu 9307, ndani ya sura ya 93, ambayo ni sura ya silaha. Kwa hiyo usikubali muuzaji aandike "mwanasesere" kwenye fomu ili kupunguza ushuru. Mzigo utakaguliwa na maelezo hayo yatakugeukia wewe. Ongea na wakala wa forodha na kituo cha polisi kabla ya kulipa, na uhifadhi risiti. Ukisafiri nayo mwenyewe kwa ndege, itawekwa katika mzigo wa chini, si wa mkononi, na kutoka uwanjani hadi Kigamboni iwe imefungwa ndani ya boksi, kwani Kanuni ya Adhabu inamkataza mtu kutembea hadharani na silaha kwa namna ya kuwatia watu hofu.