Kuita huduma za wavuti kwa Dispatch: ya kuzingatia kwa anayeanza

Dispatch ni sehemu ya JAX-WS (maktaba ya Java ya kuita huduma za wavuti za SOAP, zinazobadilishana ujumbe wa XML) inayokuachia uandike XML ya ombi mwenyewe. Kabla hujaandika chochote, jiulize: programu yako inaijua huduma itakayoiita kabla haijaanza kufanya kazi? Kama inaijua, chukua WSDL (faili la XML linaloeleza huduma), endesha wsimport (zana inayolisoma faili hilo) na utumie klasi itakazokutengenezea. Ukikosea jina la opereshini, kompaila itakukatalia hapo hapo. Dispatch iache kwa pale ambapo anwani na opereshini zinasomwa kutoka kwenye hifadhidata, na huduma mpya huongezwa bila kujenga programu upya. Huko jina ni stringi tu, na kosa hulijui mpaka seva ijibu.

Kinachowasumbua wageni wengi zaidi ni nemspesi, yaani jina linaloonyesha elementi ya XML ni ya msamiati gani. Unaweka <namba>45</namba> ndani ya ombi, XML haina kasoro, seva inapokea, kisha inajibu kana kwamba hukutuma namba yoyote. Fungua skima (kanuni za muundo wa XML) iliyomo kwenye WSDL, utafute elementFormDefault. Ikiwa ni qualified, hiyo <namba> lazima iwe na nemspesi ya skima. Ikiwa haikuandikwa kabisa, maana yake ni unqualified, na <namba> hukaa bila nemspesi. Kwa hiyo andika kwenye logi XML yenyewe inayotoka (nywila zifiche, tafadhali), kisha ilinganishe mstari kwa mstari na ombi lililofaulu kwenye SoapUI (programu ya kujaribia huduma za SOAP). Nakusihi usiruke hatua hii hata siku una haraka. Hapo ndipo jibu hupatikana mara nyingi.

Dispatch ina modi mbili, PAYLOAD na MESSAGE. Anza na PAYLOAD: unaandika mwili wa ujumbe tu, bahasha ya SOAP unafungiwa. MESSAGE ni ya pale unapotaka kuiandika bahasha yote mwenyewe, pamoja na hedari.

Mifano ya zamani itakugomea kwenye Java 11 na kuendelea, kwa sababu JAX-WS iliondolewa kwenye JDK mwaka 2018. Ongeza maktaba yake mwenyewe, na usichanganye javax.xml.ws (jina la zamani la pakiti zake) na jakarta.xml.ws (jina jipya).

Mwisho, weka kikomo cha muda wa kuunganisha na cha kusubiri jibu. Bila kikomo, seva moja iliyonyamaza inaweza kukushikia thredi zote. Muda ukiisha kwenye ombi la malipo, usilitume tena papo hapo: seva huenda imeshalitekeleza na ni jibu tu lililopotea. Uliza kwanza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu.