Mji kasoro bahari, lakini mlima upo: majibu kwa wanaopanga kupanda Uluguru

Maswali mengi tuliyopokea yanahusu milima inayoegemea mji wa Morogoro, yaani Uluguru, na hasa njia ya Morningside, jengo la zamani lililoko mlimani, na kilele cha Bondwa. Tumechagua saba.

Ninakaa Dar. Je, naweza kwenda na treni asubuhi, nipande mlima, nirudi siku hiyohiyo? (Msomaji, Ubungo)

Morningside, ndiyo. Bondwa, hapana.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, inatumia muda usiofika saa mbili au unaozidi kidogo, kutegemea inasimama wapi. Ukiondoka na treni ya kwanza alfajiri, saa 2 hivi asubuhi uko Morogoro. Stesheni ya SGR iko Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo weka akiba ya muda na nauli ya bajaji au bodaboda. Kula, nunua maji, mchukue kiongozi wenu, na saa 3 muwe mnatembea. Morningside mtafika kati ya saa 5 na nusu na saa 6, mtapumzika nusu saa, na saa 9 mtakuwa chini.

Kosa la kawaida ni kukata tiketi ya kurudi ya saa 9 au 10 alasiri. Mtu anaanza kuteremka mbio akiangalia saa, na kwenye udongo mwekundu wenye unyevu mbio ndizo zinazoleta vifundo vya miguu vilivyoteguka. Kata ya jioni kabisa. Ukifika mapema utakunywa chai mjini. Na usisahau kitambulisho, kwa sababu tiketi inatoka kwa jina lako. Wanaokuja kwa basi wanashukia Msamvu, na kutoka hapo hadi mwanzo wa njia ni mwendo mfupi wa bodaboda.

Nimeutazama Bondwa kutoka mjini, unaonekana kama wa kupanda saa mbili tu. Rafiki yangu anasema siku nzima. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

Rafiki yako.

Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Morningside, lile jengo la zamani lililoachwa na Wajerumani, liko karibu na mita 1,300. Bondwa, kwenye minara ya mawasiliano unayoiona kutoka mjini, ni mita 2,120 hivi. Maana yake unapanda zaidi ya mita 1,600 kwenda juu kwa siku moja, halafu unazishusha zote kwa magoti yaleyale. Mtu mwenye afya ya kawaida asiye na mazoezi ya milima hupanda mita 300 hadi 350 kwa saa, ukiweka na mapumziko. Piga hesabu: saa mbili na nusu hadi tatu kufika Morningside, nyingine kama hizo kufika Bondwa, kisha saa nne za kurudi. Jumla ni saa tisa au kumi.

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Saa 12 asubuhi mnaanza kutembea, ambayo si saa ya kuamka wala ya kusubiriana kituoni. Saa 3 mko Morningside. Saa 6 na nusu mko juu. Saa 7 mnageuka. Na hapa pana sheria moja ambayo kiongozi mzuri hataibishania: ikifika saa 7 mchana, popote mlipo, mnageuka, hata kama minara mnaiona mbele yenu. Jua Morogoro linazama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni kulingana na mwezi, lakini ndani ya msitu mwanga unaisha mapema zaidi, na mizizi iliyolala njiani haionekani tena. Ndiyo maana kila mtu abebe tochi, hata kama mmeapa kurudi mapema. Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya simu, maana mikono yote miwili unaihitaji kushika miti.

Wanaoshindwa, kwa kawaida hawashindwi na mlima. Wanashindwa na nusu saa ya kwanza. Kundi la vijana linaondoka kwa nguvu ya soda, wanashindana hadi nyumba za mwisho, na kabla ya Morningside wawili wameshakaa chini wanatapika. Wengine hudhani huo ni ugonjwa wa mlima. Sivyo: ugonjwa huo huanza kuwa tatizo kwenye mita 2,500 na kuendelea, na Bondwa haifiki huko. Kinachowatapisha ni kwenda kasi tumbo likiwa na chapati na supu, na kukosa maji. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo. Anayetangulia awe yule mdhaifu kuliko wote, si yule mwenye misuli.

Vya kubeba kwa kila mtu: maji lita tatu (lita moja ni kilo moja, kwa hiyo begi dogo lenye mikanda miwili, si kiroba cha kushika mkononi), pakiti mbili za chumvi ya kuongeza maji mwilini zile za dukani, chakula kisichochacha kama viazi vitamu vya kuchemsha, karanga na ndizi, na koti la mvua. Jinzi acha nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, inabana magoti, na haikauki. Kuhusu baridi, hesabu kupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda: mjini kukiwa na nyuzi 30, Bondwa itakuwa kama nyuzi 20, na ukiwa umelowa jasho huku upepo unavuma, nyuzi 20 zinakutetemesha. Beba fulana kavu ya kubadili juu.

Viatu: raba zenye meno zinatosha, mradi soli haijalika. Jambo ambalo watu husahau ni kucha za miguu. Zikate siku mbili kabla. Wakati wa kuteremka kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu kila hatua kwa saa nne, na ukucha mrefu unaweza kuwa mweusi. Kabla ya kuanza kushuka, kaza kamba za kiatu upya kwenye kifundo.

Mlima ni wa Mungu. Kwa nini nilipe kibali na kiongozi? (Msomaji, Chang'ombe)

Njia ya hadi Morningside inapita kwenye makazi na mashamba ya watu, lakini msitu ulio juu yake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Ilitangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu iliyokuwa ikihifadhiwa mbalimbali, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Si hifadhi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kama Mikumi, kwa hiyo kibali cha Mikumi hakikusaidii hapa.

Utaratibu ni huu: unakwenda ofisi ya hifadhi Morogoro au unawasiliana nayo, unataja idadi ya watu na siku, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo (ile watu wanayoiita kontroo namba), unalipa kwa simu au benki, unapata stakabadhi. Raia, Mwana Afrika Mashariki na mgeni wa nje wana viwango tofauti, hivyo beba kitambulisho. Ukitaka kupanda Jumamosi, maliza malipo Ijumaa mchana. Mtu akikuomba fedha taslimu njiani bila stakabadhi, muombe stakabadhi kwa upole. Kwa kawaida mazungumzo yanaishia hapo.

Ujira wa kiongozi ni kitu kingine. Patana kabla ya kuanza, na uliza mambo matatu: bei ni ya kundi au ya kichwa, ni ya Morningside au ya Bondwa, na chakula chake ni juu ya nani. Mkizidi wanane, chukueni viongozi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kundi la Bondwa bila kiongozi linapotea hasa wakati wa kushuka: njia za wakulima zinagawanyika mara nyingi, zote zinateremka, na nyingine zinaishia kwenye shamba la mtu juu ya korongo.

Mama yangu ana miaka 64 na wanangu ni wa miaka 5 na 9. Tunaweza kwenda wote? (Mama, Kibaha)

Mnaweza, mradi Morningside iwe mwisho wenu. Wakati wa kiangazi bodaboda hupanda sehemu kubwa ya barabara ya kwenda huko, na gari lililonyanyuka lenye kuvuta magurudumu yote manne nalo hupita. Bibi apande kwa chombo ashuke kwa miguu? Tunashauri kinyume chake: magoti ya wazee yanaumia zaidi kwenye kuteremka kuliko kupanda. Atembee sehemu ya kwanza asubuhi kukiwa na baridi, kisha ashuke kwa chombo. Mvua ikinyesha asishuke kwa bodaboda kabisa. Breki kwenye udongo huo hazina kazi.

Wa miaka 9 atawashinda wote. Wa miaka 5 atatembea saa moja vizuri halafu atataka kubebwa, kwa hiyo awepo mtu mzima asiye na mzigo mwingine.

Mkikutana na akina mama wanaoteremka sokoni na mizigo ya mboga au ndizi kichwani, wapisheni, nanyi msimame upande wa mlimani, si ukingoni. Watoto waamkie. Njia ile ndiyo barabara yao ya kila siku, na wengi wanaipita na kandambili wakati sisi tunahangaika na raba.

Likizo yetu ni Desemba. Mvua haitatuharibia? (Kikundi cha kanisa, Dodoma)

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Januari na Februari pia hupatikana wiki nzuri. Machi hadi Mei, masika yenyewe, tunasema msipande Bondwa. Desemba ni bahati nasibu: asubuhi inaweza kuwa safi na saa 8 mchana ikamwaga. Basi anzeni mapema zaidi na mkubali kuishia Morningside. Mkisikia ngurumo mkiwa karibu na kilele, shukeni mara moja. Minara ile haipo pale ili mkajikinge chini yake.

Hata kiangazi, ukungu hupanda kadiri jua linavyopanda. Anayetaka kuuona mji wote chini yake, awe amefika mahali pa wazi kabla ya saa 4 asubuhi. Na upande wa mashariki wa milima, kule Kinole, unapokea unyevu wa upepo wa bahari karibu mwaka mzima, kwa hiyo mgeni wa huko abebe koti la mvua hata Agosti.

Maji ya vijito juu yanaonekana safi sana. Yanafaa kunywa? Na vipi kuhusu siafu na nyoka? (Msomaji, Mombasa)

Juu ya vijito hivyo wanaishi watu, wanalima, wanafuga. Maji yakiwa baridi na maangavu hayajawa salama: yachemsheni au tumieni dawa ya kutibu maji, na msubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Msiogee na sabuni wala kufulia ndani ya kijito. Uluguru ndiko unakoanzia Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam, kwa hiyo sabuni yako ina safari ndefu.

Siafu wapo, hasa baada ya mvua. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukiwaona wamekata njia ruka, usisimame kupiga picha. Upupu unamea pembeni mwa njia za chini. Usivute mmea usioujua, na ukikugusa usijikune wala kusugua kwa mkono: bandika utepe wa gundi kisha uubandue, ndipo uoshe. Nyoka husikia mtikisiko wa hatua zenu na kuondoka. Hatari ni kushika jiwe au gogo bila kutazama.

Napenda ndege. Kuna lolote huko nisilolipata kwingine? (Msomaji, Arusha)

Lipo, na kwa hilo tungekushauri ulale Morogoro usiku mbili. Chozi wa Loveridge, Cinnyris loveridgei, ndege mdogo mfyonza maua, hapatikani popote duniani nje ya Uluguru. Vivyo hivyo Malaconotus alius, ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, anayekaa msitu wa Uluguru ya Kaskazini tu. Chozi utamwona ukikaa kimya karibu na maua kwenye ukingo wa msitu. Yule wa pili anakaa juu kabisa kwenye majani ya miti mirefu, na wengi wanarudi wamemsikia bila kumwona.

Mwambie kiongozi mapema kwamba unakwenda kutazama ndege, si kufika kileleni, maana mwendo wake ni mwingine kabisa: muwe mmeingia msituni saa 1 asubuhi, mtembee mita 100 na kusimama dakika kumi. Vaa rangi zilizopoa, acha jezi ya Simba au Yanga mjini. Wakati wa kushuka kuna stroberi zinazouzwa njiani. Nunua, lakini zioshe kwanza, na uzibebe kwenye chombo kigumu. Kwenye mfuko laini zitafika stesheni zikiwa juisi.