Fashfash mtaani ziruhusiwe? Mimi wa Mbagala naomba nijibu

Mleta mada kauliza raia wa kawaida aruhusiwe kulipua fashfash kwa kujifurahisha au iachwe kwa wenye kibali tu, na naona wengi mmeshajibu ruksa, eti ni furaha ya usiku mmoja kwa mwaka na mbona Ulaya wanalipua. Sawa. Mimi nimelipua, nimelipuliwa, na nakaa Mbagala Kizuiani, Dar es Salaam, tangu 2004, kwa hiyo nivumilieni leo nitaandika ndefu.

Halafu kabla hamjaanza utani, nikisema fataki hapa namaanisha ile ya baruti, sio lile zee la kwenye matangazo ya redio lililokuwa linawinda wanafunzi. Tangu yale matangazo hili neno limeharibika kabisa, ndo maana naandika fashfash.

Utoto wangu sikuwa na hela ya fashfash, sisi tulikuwa watu wa stilwaya. Unachukua stilwaya ya mama ya kusugulia masufuria, unaifunga kwenye waya, unaiwasha halafu unaizungusha juu ya kichwa, cheche zinamwagika duara zima, yaani mpaka leo sijaona kitu kizuri kama kile usiku wa mwaka mpya umeme umekatika. Na bunduki ya spoku, wa rika langu mnaijua, ile nati ndogo ya spoku ya baiskeli unaijaza baruti ya njiti za kiberiti, unachomeka msumari, unafunga na mpira, unaipiga ukutani, PAA. Siku moja mimi nilijaza kupita kiasi nati ikapasuka, kipande kikaingia kwenye kidole gumba, kovu ninalo. Jirani yetu mmoja yeye kipande kilienda jichoni na lile jicho halioni tena, alikuwa na miaka 11. Kwa hiyo anayesema tupige marufuku kila kitu watoto watatulia, huyo hajawahi kuwa mtoto. Ukiwanyima za dukani watatengeneza za kwao, na za kwao ndo mbaya zaidi.

Sasa tuje kwenye ya ukubwani. Miaka kadhaa nyuma shemeji yangu alitoka Kariakoo na boksi la fashfash, lile la mraba lina matundu 16, unawasha utambi mmoja linapiga lenyewe moja moja juu. Maelezo yameandikwa Kichina mwanzo mwisho. Akaliweka uani kwenye mchanga, akaliwasha kwa sigara, tukasogea nyuma. Tatu za kwanza safi kabisa, watoto wanapiga kelele, mimi mwenyewe nimetoa simu narekodi. Ya nne ikalisukuma boksi, unajua kila moja ikitoka juu inalisukuma boksi chini, sasa mchanga ukatitia upande mmoja, boksi likalala. Ndugu zangu, zilikuwa zimebaki 12 na zote zinatoka kwa ubavu kuelekea barazani walikokaa watu, na hakuna swichi ya kuzima. Moja ilipiga ukuta ikarudi, moja ikaingia chini ya kochi, moja ikamchoma mpwa wangu pajani, ana miaka 6. Sekunde labda 20 hivi lakini mimi niliziona kama nusu saa. Kesho yake ndo tunaambiwa na fundi mmoja anayefanyaga shughuli za maharusi kwamba boksi linabanwa na matofali pande zote nne, linakaa kwenye sakafu ngumu au ubao, watu wanakaa mbali sio hatua tano, na ikigoma kuwaka usirudi kuinamia kuchungulia, unaiacha muda mrefu halafu unaimwagia ndoo ya maji. Hivo vitu ni rahisi kabisa ila nani kati yetu alikuwa anavijua?

Hata zile za kushika mkononi za cheche, ambazo kila mtu anampa mtoto wa miaka mitatu ashike apigwe picha. Maji ya chai yanachemka nyuzi 100. Ule waya wa cheche unapita nyuzi 1000. Unampa mtoto aliyevaa gauni la nailoni. Mimi sizikatai, nasema mtu mzima asimame pale na ndoo iwepo, na ikiisha ule waya uingie kwenye maji sio utupwe chini mtu aukanyage peku.

Lakini moto sio hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kishindo.

Aprili 29, 2009, Jumatano, asubuhi inaelekea mchana, mabomu ya kambi ya jeshi hapa Kizuiani yalianza kulipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zilibomoka, watoto walipotezana na wazazi wao siku kadhaa. Mimi nilikuwa kazini mjini, bi mkubwa, mama yangu mzazi, alikuwa nyumbani peke yake anachambua mchele. Alikimbia kwa miguu, kanga moja, mpaka Zakhem, mchele ameushika kwenye ungo hajui kwanini. Halafu Februari 16, 2011, Jumatano tena, safari hii usiku, Gongo la Mboto nako kambi ikalipuka, zaidi ya 20 wakafa tena na maelfu wakaenda kulala Uwanja wa Uhuru. Sisi tuko mbali na kule lakini usiku ule mtaa wetu wote ulitoka barabarani, hakuna aliyesubiri kuuliza.

Sasa we mwenye boksi lako la Kariakoo, Desemba 31 saa sita kamili unapiga juu ya nyumba ya huyu mama. Yeye anajua ni mwaka mpya. Akili inajua kabisa, kalenda anayo ukutani. Ila mwili hauulizi kalenda. Mwaka wa kwanza baada ya mabomu tulimkuta uvunguni, mtu mzima wa miaka 60 na kitu. Na sio yeye tu, mtaani kwetu wapo wengi ila wanaona aibu kusema. Na baya zaidi sio saa sita, maana saa sita mtu unajiandaa, ni ile ya tarehe 27 saa tatu usiku, dogo mmoja kaamua kujaribu moja. Mtaniambia mbona mnavumilia vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, na honi za bodaboda. Ndio tunavumilia kwa shida, lakini hakuna aliyezikwa na kigodoro.

Ndo maana hao wa Ulaya nao sio mfano wa kuigwa hivohivo. Kaka yangu mdogo yuko Ujerumani, anasema kule raia anauziwa siku za mwisho wa Desemba tu na lazima uwe na miaka 18, kishindo kinaruhusiwa mkesha na mwaka mpya basi. Na pamoja na utaratibu wote huo mkesha wa kuingia 2025 walikufa watu 5. Waholanzi wao wamechoka kabisa, 2025 bunge lao limepitisha sheria ya kuzizuia kwa raia. Na hao Waholanzi wana kidonda chao, Mei 13, 2000 ghala la fashfash lililokuwa katikati ya makazi mji wa Enschede lililipuka, watu 23 wakafa na mtaa ukageuka kifusi. Ghala katikati ya makazi. Hebu jiulize lile boksi la shemeji kabla ya kuuzwa lilikuwa limelala wapi Kariakoo, ghorofa ya ngapi, juu ya nani, pembeni ya majora ya vitambaa.

Na wanaosema tuwaachie wenye kibali yaishe, nao wasijidanganye sana. Kampala usiku wa kuamkia Januari 1, 2023 watu wametoka kwa pamoja kwenda kuangalia fashfash nje ya jengo la Freedom City, wakakanyagana kwenye njia, wasiopungua 9 wamekufa na watoto wamo. Fashfash yenyewe haikumgusa mtu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, mnipige mawe tu. Za kushika mkononi na zile ndogo za chini zisizo na kishindo, mtu mzima anunue, awashe, ruksa. Za kuruka na za kupiga mshindo, raia hapana, mtaani hapana, ukitaka kuona nenda ufukweni au uwanjani kwa mwenye kibali, siku inayojulikana, saa inayojulikana. Nimefanya kazi Upanga, Diwali naona Wahindi wanawasha, wazee wamesimama na watoto, na tarehe kila mtu anaijua, sijawahi kuisikia kero yake kama hii yetu ya kushtukizana. Polisi kila Desemba wanatangaza marufuku ya kuchoma matairi na kulipua bila kibali, sasa bila kibali ndo sote, na boksi linauzwa peupe. Mnakamata mwashaji saa sita usiku kwenye giza, muuzaji mchana kweupe mnampita.

Mpwa wangu alipona, ana alama ya kahawia kama kisosi, anawaonyesha wenzake kwa sifa. Bi mkubwa yeye ana utaratibu wake siku hizi, tarehe 29 begi liko mlangoni, tarehe 30 anapanda gari la Kisarawe kwa mama mdogo ambako usiku wa mwaka mpya unasikia vyura tu. Juzi kanipigia nauli nisisahau.