Ukikutana na Anayekataa kwamba VVU Husababisha UKIMWI

Katika miaka niliyofanya kazi ya ushauri nasaha kwenye kliniki ya tiba na matunzo, walionipa kazi kubwa hawakuwa wale wasiojua lolote kuhusu VVU, bali wale waliosoma sana upande mmoja, wakaja na hoja zilizopangwa kwamba kirusi hakijathibitishwa, kwamba UKIMWI ni lishe duni, na kwamba kinachoua ni dawa zenyewe.

Ni vyema kujua hoja hizo zilikopitia. Peter Duesberg, mtaalamu wa virusi nchini Marekani, alianza kuzitetea mwaka 1987, na mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alimwingiza katika jopo lake la ushauri. Mwaka huohuo wanasayansi zaidi ya 5,000 walitia saini Azimio la Durban wakisema ushahidi hauna utata. Hata hivyo serikali iliendelea kusitasita, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoiamuru mwaka 2002 iruhusu nevirapini, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, kwa wajawazito katika hospitali za umma. Watafiti wa Harvard walikadiria baadaye kwamba kuchelewesha dawa kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000 kati ya mwaka 2000 na 2005. Wanaoudhania ubishi huu kuwa porojo za kijiweni waitazame hesabu hiyo.

Usijaribu kujibu kila hoja, kwa kuwa swali huulizwa kwa sekunde moja na kujibiwa kwa saa nzima, na ukimaliza mwenzako amekwisha hamia jingine. Mwombe achague hoja moja anayoitegemea kuliko zote, kisha umuulize ni ushahidi gani ungemfanya aiache. Akisema hakuna, achana na mjadala, umuulize taratibu anaogopa nini. Mara nyingi ni mume, au kazi, au macho ya majirani.

Niliyoisikia zaidi ni hii: "Mama, fulani ana virusi mwaka wa nane huu na haumwi." Msemaji hudhani ameiangusha sayansi, ilhali sayansi hiyohiyo ndiyo inayosema kwamba asiyetumia dawa aweza kukaa hata miaka kumi kabla ya kuugua.

Kwa anayesingizia lishe, mimi huwataja wagonjwa wa hemofilia wa Uingereza, ambao damu yao haigandi ipasavyo. Walitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na damu za watu wengine, na baadhi ya dawa hiyo ilikuwa na VVU. Vifo vilipanda mno kwa walioambukizwa, lakini kwa wenzao wasioambukizwa, wenye ugonjwa uleule na tiba ileile, vilibaki kama zamani. Sijapata kusikia jibu la maana kwa hilo.

Pale mpinzani anaposema kweli, kubali. Dozi za kwanza za AZT, dawa ya mwanzo kabisa ya VVU, zilikuwa kubwa na ziliwaumiza wengi. Ukilificha hilo, naye akalijua, hatakuamini tena katika lolote. Mweleze kwamba dozi zilipunguzwa na kwamba dawa za leo ni nyingine.

Mazungumzo haya yafanyike faraghani, kamwe si mbele ya wakwe au watoto. Ikiwa mwenyewe anaishi na VVU, mshawishi asiache dawa wakati mnabishana, na umsindikize kliniki akapime wingi wa virusi, kwa kuwa majibu yake mwenyewe atayasoma kwa makini kuliko takwimu za Uingereza.