Maswali Yenu: Watoto wanampiga mbwa mawe, nimeongea mpaka nimechoka

SWALI: Habari dada, mimi ni mwalimu wa darasa la 4. Nyuma ya madarasa yetu kuna mbwa jike amezaa na kila mapumziko watoto wanakimbilia huko, wanamrushia mawe, akiondoka kidogo tu wanabeba watoto wake wanawarusha huku na huku wanacheka. Nimeshawafundisha kwamba wanyama nao wanasikia maumivu, wote wanaitikia ndiyo mwalimu, kwenye daftari wanaandika vizuri kabisa, ila kengele ikilia mambo ni yaleyale. Mwenzangu ananiambia niwachape tu watakoma. Na mimi nimeanza kujiuliza, hivi hawa watoto wana roho mbaya?

JIBU: Pole sana mwalimu, na asante kwa kuandika maana wapo wengi wanaona hayo wanapita tu.

Viboko hapana, na nina sababu mbili. Ya kwanza unaijua, huwezi kumfundisha mtu huruma huku unampiga, anachoondoka nacho ni kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumuumiza asiye na nguvu, na kwa mtoto asiye na nguvu kuliko yeye ni nani kama sio huyo mbwa? Ya pili ndo inaniogopesha zaidi. Siku huyo mbwa akimng'ata mmoja wao, na mama mwenye watoto wadogo anang'ata kweli, mtoto anayejua atachapwa kwa kumchokoza mbwa ataficha kidonda. Atavuta soksi juu ananyamaza. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza ni kifo karibu kila mara, na binadamu wanaokipata karibu wote wamekipata kwa mbwa, hadi asilimia 99. Kwa hiyo kesho asubuhi kabla ya somo lolote waambie hivi: uking'atwa au hata ukikwaruzwa na meno njoo useme, hakuna atakayekuuliza ulikuwa unafanya nini pale. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyohiyo hata kama ni kidogo. Na mtafute daktari wa mifugo aje awaangalie huyo mama na watoto wake, awaambie habari ya chanjo.

Sasa kuhusu roho mbaya, mimi siamini hivyo kwa wengi wao. Mtoto wa miaka 9 au 10 anarusha jiwe kwa sababu wenzake wanarusha, kwa sababu anaogopa na hataki ijulikane, kwa sababu mbwa akikimbia inamfurahisha, na kwa sababu hajawahi hata siku moja kukaa kimya akamwangalia yule mbwa. Wewe umewapa maneno na maneno wameyashika, mbwa mwenyewe ndo hawajamwona bado.

Kwa hiyo wapeleke wakamwone. Wakae mbali, mahali ambapo mama hashtuki, ukiona ameinuka mmemkaribia mno, rudini nyuma. Hakuna kuongea, kila mtu na daftari, wanaandika walichokiona tu: masikio yamelalia nyuma au yamesimama, mkia uko wapi, watoto wakilia anafanyaje. Akitaka kuandika mbwa anaogopa, aseme kwanza ameona nini mpaka akajua anaogopa. Hapo ndo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe, irudie hata wiki nzima. Wataanza kukuambia mwalimu amejilamba mdomo wakati hali kitu, mwalimu amepiga miayo, ameangalia pembeni, ile sehemu nyeupe ya jicho inaonekana. Hizo zote ni njia za mbwa kusema sipo sawa, niacheni, na anazisema mapema kabla hajanguruma. Waeleze pia kwamba kutikisa mkia sio furaha kila wakati, mwili ukiwa umekakamaa na mkia uko juu unatikisika haraka haraka huyo hacheki na mtu. Watafiti wameona watoto wadogo wakionyeshwa picha ya mbwa aliyetoa meno wapo wanaosema anatabasamu, kwa hiyo usidhani mtoto anajua tu.

Halafu waambie habari za vile vitoto. Vinazaliwa havioni na havisikii, macho yanafunguka baada ya kama wiki 2, na siku za mwanzo haviwezi kutunza joto la mwili vyenyewe, joto lao ni mama na kulaliana. Kwa hiyo kile kitoto kilichorushwa kikaangukia mbali, hata kama hakijavunjika kitu, kinapoa pale kilipo na hakijui njia ya kurudi. Mtoto akishaelewa hilo huhitaji kumhubiria.

Mkimaliza hapo ndo uwape mambo matano ambayo kila mnyama anastahili. Mwaka 1965 kamati moja Uingereza iliyokuwa inachunguza hali ya mifugo ilisema mnyama angalau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake, na mwaka 1979 kutokana na hayo likatoka wazo pana zaidi, la uhuru wa aina tano, linalotumika dunia nzima mpaka leo. Usiwape kama kitu cha kukariri, wape kama maswali ya kumuuliza huyo mbwa wao. Ana chakula na maji? Ana pa kulala pakavu penye kivuli? Anaumwa au ana jeraha? Anaweza kufanya mambo ambayo mbwa huyafanya? Anaishi kwa hofu? Waache wajibu wenyewe. Wakifika swali la tano watakuta kinachomtisha ni wao, na ni bora waligundue wao kuliko uliseme wewe.

Jambo moja la kuwa nalo makini. Ukiona kuna mtoto mmoja anafanya akiwa peke yake, kwa kujificha, anarudia na anafurahia kabisa mnyama akilia, huyo usimchanganye na wengine na usimseme mbele ya darasa. Kaa naye pembeni. Mara nyingine anayeumiza wanyama naye anaumizwa au anaona watu wakiumizwa nyumbani, mtafutie mshauri nasaha, hilo sio la kusubiri.

SWALI: Dada, binti yangu ana miaka 6 anampenda paka wetu kupita kiasi, anambana, anambeba huku na kule mpaka juzi kakwaruzwa. Baba yake anasema paka aondoke. Unanishauri nini?

JIBU: Paka abaki, mama, kinachobadilika ni namna ya kumpenda. Mfundishe mchezo huu: anakaa chini, ananyoosha mkono, paka akija mwenyewe anamkuna shavuni au kidevuni kwa sekunde 3 halafu anatoa mkono. Paka akijisogeza tena anaendelea, akikaa tu au akiondoka mchezo umeisha. Tumbo aliache, mkia usivutwe, akila au akilala haguswi. Mwonyeshe mkia unavyopigapiga huku na huku na masikio yanavyolala, hapo makucha yako njiani. Na paka apate sehemu ya juu ambayo mtoto hafiki. Ule mkwaruzo osha na sabuni, na ukivimba au akipata homa mpeleke hospitali. Mtoto wa miaka 6 asiachwe na paka bila mtu mzima kuangalia, hata awe mpole vipi.

SWALI: Klabu yetu ya wanyama shuleni inataka kununua sungura akae darasani ili watoto wajifunze kutunza. Ni wazo zuri?

JIBU: Kwa darasa nyingi nasema msinunue. Sungura porini ni windo la wanyama wengine, akinyanyuliwa juu mwili wake unamwambia amekamatwa, kwa hiyo watoto 40 wanaogombania kumbeba kwake ni hofu ya kutwa nzima, na wengine wanamshika masikio kabisa, kitu ambacho hakifanywi kamwe. Hapendi kuishi peke yake pia. Na anaweza kuishi miaka 8 au zaidi, yaani hao watoto watamaliza shule wamwache.

Klabu inaweza kufanya mengi bila banda la sungura. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipoanzisha Roots & Shoots (mpango wa vijana wa kusaidia watu, wanyama na mazingira) mwaka 1991 Dar es Salaam alikuwa na wanafunzi 12 tu, walianza na mambo yaliyokuwa yanawasumbua wao wenyewe pale walipo. Na nyie fanyeni hivyo, wekeni chombo cha maji ya ndege, mkioshe kila siku, andikeni ndege gani wanakuja na saa ngapi. Tarehe 4 Oktoba ni Siku ya Wanyama Duniani, mwiteni daktari wa mifugo aje ajibu maswali ya watoto.

Kama sungura mnaye tayari basi mtafutieni mwenzake, mjue kwanza jinsia zao na daktari awashauri habari ya kuhasi. Halafu andikeni ukutani majina ya watu wazima, sio wanafunzi, watakaowalisha na kuwasafishia kila Jumamosi, kila Jumapili na kila siku ya likizo ndefu. Ikibaki hata siku moja haina jina watafutieni nyumba ya kudumu sasa hivi kabla shule hazijafungwa.