Waanze kujuana kwa pua

Swali la juma lililopita lilitoka kwa dada wa Kimara. Ana paka jike wa miaka minne, mwoga tangu udogoni, na mwezi huu kaletewa wa pili. Sasa wa kwanza hashuki kabatini, chakula anagusa usiku tu, na shuka zimeanza kunuka mkojo. Anauliza: amrudishe mgeni alikotoka, au awaache tu, watazoeana?

Dada yangu, usimrudishe, lakini usiwaache hivyo pia. "Watazoeana" ndilo neno nililoambiwa na kila mtu hapa Tabata mwaka juzi. Nikalifuata, na aliyeumia ni paka wangu.

Unga ni jike mweupe niliyemwokota mtaroni wakati wa masika, akiwa kitoto. Mlango ukigongwa tu, haonekani. Kasuku ni dume wa rangi ya chungwa, mwenye kelele, aliyeachwa na jirani aliyehama. Nilimleta ndani ya boksi, nikalifungua katikati ya sebule, nikakaa kungoja waelewane. Unga alifura mkia ukawa mnene kama mgomba mchanga, akafoka, akarukia juu ya kabati la vyombo. Alikaa huko siku mbili. Nilipomshusha kwa nguvu alinikwaruza mkono, na usiku ule akakojolea godoro. Nilimgombeza. Hilo linaniuma hadi leo, maana haikuwa jeuri, ilikuwa hofu.

Paka wa nyumbani asili yake ni paka pori wa Afrika, mnyama anayewinda peke yake. Akikuta mwenzake kwenye eneo lake, hana sababu ya kuamini kuwa kaja kwa heri. Na anayemjua humjua kwa harufu kabla ya sura. Ana tezi mashavuni, nyayoni na mkiani, ndiyo maana hujisugua kwenye miguu ya meza na kwenye miguu yetu: anaacha alama kuwa hapa ni kwao. Mimi nilimwingiza mgeni sebuleni kabla harufu yake haijapiga hodi.

Nikaanza upya. Kasuku nilimweka chumba cha watoto, na maji, beseni la mchanga na boksi la kujificha. Watoto wakalala kwangu. Anayefungiwa ni mgeni, yule mwoga abaki na nyumba yake. Bibi wa nyumba ya pili alinijia juu, akanikumbusha yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Yule hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Huyu anakula mara mbili kwa siku, na jioni nakaa naye." Akaingia kumwona, akaridhika. Tangu siku hiyo akawa ananiwekea vichwa vya samaki.

Nilichukua kipande cha kanga kuukuu, nikampangusa Kasuku mashavuni, nikakiweka sakafuni hatua chache kutoka kwenye bakuli la Unga. Cha Unga nikampelekea Kasuku. Siku ya kwanza Unga alikizunguka kwa mbali kama amekuta nyoka. Siku ya tano nilimkuta amekilalia.

Hapo ndipo nilipoanza kuwalisha pande mbili za mlango uliofungwa. Bakuli la Unga lilianza mbali, karibu na meza, nikawa nalisogeza kidogo kila anapokula bila kuinua kichwa. Jioni moja alikuwa ameshafika hatua mbili. Akaacha dagaa katikati, akanyoosha shingo, pua ikawa inacheza. Chini ya mlango ukatokea mkono wa rangi ya chungwa, ukapapasa sakafu, ukarudi. Unga akautazama ule upenyo kwa muda mrefu, kisha akamalizia chakula chake. Nililia, sioni aibu kusema.

Kuonana kwao nilitumia mlango wa wavu wa jikoni, huu wa kuzuia mbu. Niliufunika kwa kanga, kila siku nikaipandisha shubiri moja. Akifoka mara moja na kuondoka, si neno. Ukiona masikio yamelala, mboni zimepanuka, na mmoja anamkazia macho mwenzake bila kupepesa, shusha kanga, rudi ulikokuwa juzi. Walipokutana bila wavu ilikuwa dakika tano tu, wakila, nami nikiwa na kipande cha boksi mkononi cha kukatiza macho yao. Usitie mkono wako katikati. Kazi yote ilinichukua wiki saba.

Mabeseni ya mchanga yawe matatu kwa paka wawili, na yasikae mahali pamoja. Yakipangwa mstari mmoja, kwao ni choo kimoja, na mmoja akikaa njiani mwingine atabana hadi afike kitandani kwako. Vivyo hivyo mabakuli. Mwoga pia apate pa kukaa juu, penye njia mbili za kushukia. Mimi nilitoa vitu juu ya kabati nikaweka tandiko. Na usiku funga pazia: paka shume akipita dirishani na Unga asiweze kumfikia, hasira huishia kwa Kasuku.

Ila kwanza kabisa, huo mkojo kwenye shuka uonwe na daktari wa mifugo, maana unaweza kuwa ugonjwa wa kibofu. Dume akienda mchangani kila mara, akijikamua na hakuna kinachotoka, mpeleke siku hiyo hiyo, njia ya mkojo ikiziba anakufa. Naye asiyekula kabisa kwa siku mbili usimngoje, ini lake huharibika upesi. Ukifika huko, wachanjwe kichaa cha mbwa na ulizia kuwahasi. Dume asiyehasiwa hupigana zaidi na kurusha mkojo ukutani. Godoro ulioshe kwa sabuni na ulianike juani. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikichanganywa na maji usizitumie. Nyingi ni sumu kwa paka, na yeye hujilamba nyayo.

Sitakudanganya kwamba watapendana. Wangu hawalali pamoja mpaka leo. Unga ana kabati lake, Kasuku ana kochi lake. Lakini adhana ya alfajiri ikilia nawakuta wote wawili mlangoni kwangu, Unga kulia, Kasuku kushoto, wakingojea dagaa.