Yule Motley wa Canton

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Columbus, Ohio. Juzi niliwapeleka watoto Canton kwenye ukumbi wa mashujaa wa mpira wa Kimarekani, tukakuta sanamu ya kichwa cha Marion Motley. Alikuwa nani hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenigusa penyewe, maana wa zama zile simpendi mwingine kama huyu. Alikuwa mchezaji wa kubeba mpira na kukimbia nao, na alikulia hapohapo Canton. Mwaka 1946 timu ya Cleveland Browns ilimsajili yeye na mweusi mwenzake, Bill Willis, wakati ligi za kulipwa zilikuwa zimewafungia weusi mlango kwa miaka kumi na zaidi. Uwanjani wapinzani walimkanyaga vidole kwa viatu vya njumu. Timu iliposafiri kwenda Miami mwaka uleule, wote wawili waliachwa nyumbani kwa sababu ya rangi yao.

Mwili ulikuwa wa kilo zaidi ya 100, na mbio anazo! Siku moja mrusha mpira wao, Otto Graham, alibanwa na mabeki, akampachika Motley mpira harakaharaka. Mabeki walikuwa wameshampita, mbele peupe. Kocha Paul Brown akaigeuza bahati ile kuwa mbinu, na hadi leo inachezwa.

Tarehe 29 Oktoba 1950, dhidi ya timu ya Pittsburgh, alibeba mpira mara 11 tu, akakimbia nao yadi 188 (kama mita 172). Hebu piga hesabu: yadi 17 kila mara!

Magoti yalimstaafisha. Ukumbini aliingia 1968, mweusi wa pili baada ya Emlen Tunnell. Lakini kazi ya ukocha aliyoiomba, hakupewa. Hilo linaniuma mpaka leo.